Kuhudhuria Si Kuridhia: Risala ya Wakazi wa Kando ya Mto, Dar es Salaam

Mstahiki Meya, Waheshimiwa Madiwani, Ndugu Mkurugenzi wa Manispaa, Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa wetu,

Tunashukuru kwa kufika, tena kwa miguu kuanzia darajani, maana gari halipiti. Njia mliyoipita imekwisha kuwasomea nusu ya risala hii.

Nusu iliyobaki ni habari ya daftari. Mwaka juzi tuliitwa kuelezwa mpango wa kupanga upya eneo letu. Kabla hatujakaa, likazungushwa daftari la mahudhurio: jina, namba ya simu, sahihi. Mchoro ulibandikwa mbali ukutani. Wazee wetu waliambulia rangi tu. Waliouliza barabara itapita kwa nani walijibiwa kwamba wataalamu watakuja kufafanua. Hawakuja. Baadaye tukasikia kuwa wananchi wameridhia, na ushahidi ni sahihi zetu. Mstahiki Meya, anayeandika jina lake kwenye daftari la rambirambi hajaridhia kifo.

Kisha upo urasimishaji wa makazi. Tulichanga shilingi 150,000 kwa kila kiwanja ili tupimiwe. Wapimaji walifukia bikoni upande wa juu, wakatoweka kabla ya kufika huku chini. Hati hatuna, na risiti tunazo. Tunadai hesabu ya fedha hizo isomwe mbele ya mkutano mkuu wa mtaa, na kazi ikamilishwe bila mchango mwingine.

La mto ni zito zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Hatuipingi, mafuriko ya Desemba 2011 tuliyaona kwa macho yetu. Swali letu ni moja: mita hizo zinahesabiwa kutoka ukingo upi? Mto huu unahama. Wachimba mchanga wanaula ukingo mchana kweupe, kila masika unasogea, na nyumba iliyojengwa mbali na maji leo inachorwa X nyekundu, mwenyewe akaitwa mvamizi. Tunaomba ukingo upimwe nasi tukiwepo, alama ziwekwe, na uchimbaji ukomeshwe. Atakayelazimika kuhama kupisha mradi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati, kama Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inavyotaka, pamoja na posho ya makazi, usafiri na usumbufu.

Wapangaji nao wasisahauliwe. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, si wa wenye nyumba peke yao, ingawa hapa kwetu mpangaji akinyoosha mkono huulizwa kwanza anaishi kwa nani. Na mkutano wa Jumanne saa nne asubuhi ni wa nani, wakati mama lishe yuko jikoni na kijana yuko kwenye bodaboda? Tunaomba uwe Jumapili alasiri.

Tumewahi kwenda hata kwenye Baraza la Madiwani. Mlango uko wazi na viti vipo, lakini mwananchi hukaa akasikiliza mtaa wake ukijadiliwa, akarudi na maneno yake mdomoni. Katiba, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Tengeni basi nusu saa katika kila kikao cha kawaida, wakazi waseme na maneno yao yaingie kwenye muhtasari. Muhtasari huo ubandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, pamoja na mchoro wowote unaotuhusu, kabla ya kuitwa kuujadili.

Daftari la leo tumelisaini sote. Juu ya kila ukurasa tumeandika kwa wino mwekundu: tumehudhuria tu.