Kiungo si Pazia

Wapo wasemao kwamba habari za nyama ya nguruwe hazina nafasi katika maandishi ya utamaduni wa taifa. Hudai kuwa hayo ni mambo ya vilabuni, na tena huwaudhi baadhi ya ndugu zetu. Kwa hiyo afadhali yaachwe gizani. Mimi nakataa. Giza hilo hilo ndilo linalotudhuru.

Tutazame Bulyanhulu, katika Wilaya ya Kahama. Dhahabu iliwavuta huko wachimbaji wadogo kutoka pembe nyingi za nchi. Mwaka 1996 waliondolewa, na mwaka 2001 mgodi mkubwa ukafunguliwa. Watu wa makabila na dini mbalimbali wakawa majirani juu ya ardhi ya Wasukuma, ambao fahari yao ya jadi ni ng'ombe. Jua likichwa katika miji ya ukanda huu, hadi Geita, makaa huwashwa. Nyama ya nguruwe hukatwa vipande, ikapakwa rojo la pilipili, tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na chumvi, kisha hubanikwa na kuliwa kwa ndizi na kachumbari.

Mwenye kudai kuwa mlo huo ni wa kuiga, na aulizwe: pilipili yenyewe ilitoka wapi? Asili yake ni Amerika, na tangawizi ni ya Asia. Mahindi na mihogo navyo vilivuka bahari, wala hakuna Mtanzania auonaye ugali kuwa mgeni. Utamaduni haupimwi kwa asili ya mbegu, bali kwa namna watu wanavyoishi nayo. Basi tujiulize: twaishije na mlo huu?

Twaishi nao kwa kujificha. Jina lake halisi huepukwa. Husemwa "kitimoto", husemwa "mdudu". Mzaha wa jina si dhambi. Lakini kilichofichwa jina ni rahisi kufichiwa na machinjio. Mnyama akichinjwa uani, mbali na macho ya mkaguzi, rojo jekundu huja kuimaliza kazi ya kuficha. Rangi ya nyama haionekani tena, harufu yake imefunikwa. Nje imeungua kwa moto mkali, na ndani ni mbichi.

Hapo ndipo ilipo hatari. Nguruwe aachwaye kuzurura hula kinyesi cha mtu mwenye tegu, na viluwiluwi vya tegu hilo hukaa katika nyama yake kama punje nyeupe. Pilipili haiviui, wala ndimu. Huuawa na moto uliofika kiini. Alaye nyama hiyo ikiwa mbichi hupata tegu tumboni. Na mayai ya tegu, yakichukuliwa na mikono isiyonawiwa hadi katika chakula au maji ya mtu mwingine, huweza kuzaa viluwiluwi hata ndani ya ubongo, na kuleta kifafa. Kisha husakwa mchawi, na ajuza asiye na hatia akasingiziwa.

Mwanafunzi na azingatie jambo hili: augue asiugue, si lazima mtu awe mla nguruwe. Mwaka 1992 madaktari waliandika habari za Wayahudi wanne wa New York, watu wa jumuiya ishikayo dini na isiyogusa nyama hiyo, waliopatikana na ugonjwa huo wa ubongo. Ilidhaniwa kuwa mayai yalitoka kwa watumishi wa nyumbani wenye tegu. Basi Mwislamu wa Kahama naye ana haki katika usafi wa jiko ambalo hatalikaribia kamwe.

Watetezi wa kujificha watasema kwamba kujificha ni kumheshimu jirani. La hasha! Ukimya haukutuepusha na mabucha ya nguruwe kushambuliwa Dar es Salaam mwezi Aprili 1993. Wala haukutuepusha na ugomvi juu ya haki ya kuchinja wanyama, uliomwaga damu ya mchungaji huko Buseresere, mkoani Geita, Februari 2013. Shaka ni kuni za ugomvi: kisu hiki kimekata nini? Wavu huu umebanika nini? Heshima ya kweli ni bucha lenye jina mlangoni, lenye kisu chake na wavu wake, na jiko lililotengwa na la mbuzi. Hapo alaye hula kwa amani, na asiyekula hupita kwa amani. Katiba yetu ya 1977 yampa kila mtu uhuru wa dini yake; jiko lililo wazi huutunza uhuru huo kwa vitendo.

Ndugu walimu, msione haya kulifundisha jambo hili darasani. Nguruwe afungiwe bandani, choo kitumiwe, nyama ikaguliwe, mikono inawiwe, moto ufike kiini. Hayo yakiisha kutimizwa, rojo na lipakwe, nalo litakuwa pambo la nyama njema badala ya pazia la nyama mbovu. Wazee wetu walisema: mficha maradhi, kifo humwumbua.