Wakala hambebei mwenye lori wajibu wake

Nchini Marekani, mwenye lori kubwa anayeliendesha mwenyewe hulazimika kujiunga na kundi la upimaji wa pombe na dawa za kulevya, kwani hawezi kujishtukiza mwenyewe. Wengi huilipa kampuni ya wakala iteue majina kwa bahati nasibu na kutunza kumbukumbu. Ni busara. Lakini kazi hupewa mwingine, wajibu hauhami. Tangu Januari 2020, tajiri lazima aangalie rekodi ya dereva katika daftari la serikali kabla ya kumwajiri, kisha kila mwaka. Wakala akisahau, anayewajibika ni tajiri. Mwenye Fuso moja hapa kwetu, anayemwachia wakala makaratasi ya bima na kodi, naye ajihadhari: adai nakala ya kila karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari.