Tahadhari ya Dawa Iandikwe kwa Kiswahili

Mtaani kwetu watu huniita daktari. Wengi hawafahamu kwamba udaktari wangu ni wa isimu, wala si wa tiba. Ndiposa jioni moja hivi majuzi jirani yangu, dereva wa matatu, alinibishia hodi akiwa na vidonge vya aina mbili mkononi. "Daktari, hebu nisomee hapa," akasema. Asubuhi hiyo nusura atumbukie mtaroni pamoja na abiria wake, kwa usingizi ambao hakujua ulikotoka.

Nilisoma. Vidonge vya kwanza vilikuwa vya mzio, alivyonunua kwa sababu ya chafya na macho kuwasha. Vya pili vilikuwa vya mafua. Pakiti zote mbili zilikuwa na dawa ile ile: klorofeniramini. Wengi wetu twaijua kwa jina moja tu la kibiashara, Piriton, na kwa hivyo hatuitambui inapojificha ndani ya dawa nyingine. Jirani yangu alikuwa amemeza dozi maradufu. Onyo kuhusu usingizi lilikuwapo, ila kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo mno.

Dawa hii si mbaya. Mwili unapochokozwa na vumbi au chavua hutoa histamini, nayo dawa huizuia isilete mwasho na kamasi. Lakini klorofeniramini hupenya hadi ubongoni, na huko ndiko usingizi hutokea. Mtu mzima humeza miligramu 4 kila baada ya saa 4 hadi 6, na asizidishe miligramu 24 kwa siku nzima. Loratadini na setirizini, ambazo kwa kawaida humezwa miligramu 10 mara moja kwa siku, hazilevyi sana, ingawa setirizini nayo huwasinziisha baadhi ya watu. Pombe huzidisha hatari hiyo.

Aidha, wapo wazazi wanaompa mtoto dawa hii ili alale wapate kupumzika. Hilo ni kosa kubwa, kwani laweza kumdhuru. Wenye presha ya macho, wazee wanaokojoa kwa shida na mama waja wazito wamwulize mfamasia kwanza. Naye mgonjwa anayevimba ulimi au kushindwa kupumua asingojee kidonge. Akimbizwe hospitalini mara moja.

Je, haya yote mwananchi atayajuaje? Katiba ya 2010, kifungu cha 7, yasema Kiswahili ni lugha rasmi sawa na Kiingereza. Kifungu cha 46 champa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa. Habari asizozielewa si habari. Naisihi Bodi ya Famasia na Sumu ihakikishe kwamba kila dawa inayolevya inabeba onyo la Kiswahili kwa herufi zinazosomeka. Wauzaji nao wamweleze mnunuzi kwa mdomo, na mnunuzi asione haya, maana kuuliza si ujinga.

Sentensi tatu zatosha: Dawa hii huleta usingizi. Usiendeshe gari baada ya kuimeza. Usiichanganye na pombe. Jirani yangu angeyaelewa maneno hayo kabla ya kushika usukani. Abiria wake hawakustahili kuokolewa na bahati tu.