Nguvu za kiume, VVU na nguzo za umeme

Wadau, hebu tembeeni kutoka Buguruni mpaka Ubungo mkisoma nguzo za umeme. Mganga huyu anarudisha mpenzi, yule anarudisha nguvu za kiume, namba ya simu hiyo hapo. Magazeti nayo yanachapa matangazo ya aina hiyo, tena kwa malipo!

Nimezungumza na wanaume kadhaa wanaoishi na VVU. Hamu imekwisha, misuli inanywea, mchana kutwa wamechoka, nao wameshahukumu: ARV ndizo zinazotumaliza. Mmoja ameacha dozi kimya kimya, mkewe hajui. Hapo ndipo ninapokasirika.

Ipo homoni inaitwa testosteroni, hutengenezwa kwenye korodani kwa amri ya tezi iliyo chini ya ubongo. Kwa wanaume wenye VVU hushuka mara nyingi zaidi kuliko kwa wenzao wa rika lao. Kabla ya ARV za bure kuanza nchini mwaka 2004, wagonjwa walipokuwa wakikonda mpaka mifupa, hali ilikuwa mbaya zaidi. Yaani anayeacha dozi anairudia njia ileile iliyoishusha. (Heroini huishusha pia, na hata methadoni.)

Kupima ni damu tu, asubuhi, kisha kipimo kirudiwe siku nyingine. Ila kuna mtego: kwa wenye VVU, protini inayobeba homoni hii mara nyingi huongezeka, hivyo jumla yake inaweza kuonekana nzuri wakati ile iliyo huru, inayofanya kazi mwilini, ni kidogo. Daktari asiyejua hilo atakwambia uko fiti. Na si kila kitu ni homoni jamani, kuna kisukari, presha, pombe, mawazo.

Wala sisemi watu wakimbilie sindano. Testosteroni ya sindano huzima utengenezaji wa mbegu, sasa anayetafuta mtoto itakuwaje? Na anayetumia dozi yenye ritonavir akimeza sildenafil ya mtaani, presha inaweza kushuka vibaya.

Kliniki za CTC hupima uzito na wingi wa virusi. Nataka mhudumu aulize pia, bila kucheka: chumbani vipi, kaka? Swali hilo halihitaji mashine wala mfadhili. Kipimo chenyewe ndicho chenye gharama, na kwa maoni yangu anayeonyesha dalili asiachiwe ailipe peke yake maabara binafsi. Mnaopinga, nawasikiliza.