Kimea: Madai Manne na Majibu Yake

Funua gunia la ulezi uliolowekwa, siku ya tatu, katika nyumba yoyote ya Tarime au Serengeti inayotengeneza kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikaanikwa. Punje zimetoa vijizizi vyeupe vilivyoshikana, na ukitumbukiza mkono unakuta zina joto. Tafuna chache: utamu umeanza. Utamu huo hakuna anayeubishia. Ubishi uko kwenye chanzo chake na matumizi yake.

"Maji ndiyo yanayolainisha punje." Maji yanaiamsha tu. Kata punje ya shayiri, ondoa upande wenye kiinitete, kisha loweka kipande kilichobaki: wanga wake hautayeyuka. Mwaka 1960, Harugoro Yomo wa Japani na Leslie Paleg aliyekuwa Australia, kila mmoja kivyake, walionyesha kuwa kipande hicho kikipewa homoni ya jiberelini, wanga huanza kumeng'enywa. Katika punje nzima homoni hiyo hutoka kwenye kiinitete na kufika kwenye aleuroni, tabaka jembamba chini ya ganda. Aleuroni ikiipokea, hutengeneza amilesi, kimeng'enya kinachokata wanga kuwa sukari. Homoni nyingine, asidi ya absisiki, huizuia kazi hiyo na kuifanya mbegu ilale. Kizuizi hicho kikilegea mapema na mvua ikikuta masuke yaliyokomaa, nafaka huota ingali shambani.

"Ikiota siku nyingi zaidi, kimea kinakuwa na nguvu zaidi." Mwanzoni ni kweli, kwa kuwa amilesi huongezeka siku hadi siku. Lakini mmea hautengenezi sukari kwa ajili ya chungu chako. Unaila wenyewe ili urefushe mizizi na chipukizi. Kila siku unayoongeza baada ya siku hizo za mwanzo unapoteza unga, na ukungu unapata nafasi kwenye unyevu. Ndiyo maana wazoefu huanika mapema. Jua halikiui kimeng'enya kilichokauka. Kinachokiua ni kuchemka ndani ya maji.

"Uji wa kimea ni maji matupu, haumshibishi mtoto." Kwa macho unaonekana hivyo. Sasa pika uji wa ulezi uwe mzito hadi mwiko usimame, epua, uache upoe kidogo, kisha koroga humo kijiko cha unga wa kimea. Baada ya dakika chache uji unateremka kwenye mwiko kama maziwa. Hakuna kilichotolewa sufuriani. Unga ni ule ule. Wanga uliopikwa huvimba na kushika maji, na amilesi inaukata hadi unayaachia. Mtoto mwenye tumbo dogo anameza unga mwingi kwa kikombe kile kile. Mwaka 1983, A. C. Mosha wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na mwenzake U. Svanberg waliandika kuhusu njia hiyo ya kutengeneza chakula cha kulikiza chenye virutubishi vingi bila kuwa kizito. Ukishalegea, urudishe motoni uchemke tena. Ila kimea kikitiwa kwenye uji unaotokota, amilesi inakufa kabla ya kufanya kazi.

"Kimea ni kimea, kiwe cha mtama au cha ulezi." Nafaka hazifanani. Uchunguzi wa miaka ya 1980 ulionyesha kuwa katika mtama amilesi hutoka zaidi kwenye kiinitete chenyewe, na aleuroni yake haiitikii jiberelini kama ya shayiri. Kwa hiyo mtama uliovunjika kiinitete wakati wa kupura hautakupa kimea hata ukiuloweka vizuri namna gani. Tofauti ya pili ni nzito zaidi: mizizi na chipukizi za mtama unaoota hubeba kemikali inayoweza kutoa sianidi, ambayo ni sumu. Mtama ukikauka, zisugue zitoke na uzipepete zote kabla ya kusaga. Na kama uji ni wa mtoto, chagua ulezi.