Akrabu Isiyokoma: Kuonyesha Mzunguko kwenye Kompyuta

Aghalabu watayarishaji wa programu huuchukulia mzunguko kana kwamba ni kiwango cha maji tangini. Tangi hujaa likafika kikomo. Gurudumu halina kikomo. Katika LabVIEW, mfumo wa kuandikia programu kwa michoro uliozinduliwa mwaka wa 1986, kipimo cha duara hupewa thamani ya chini na ya juu. Kikiwekewa 0 hadi 360, kisha gurudumu likazunguka digrii 725, mshale hukwama kwenye 360 ilhali gurudumu lingali mbioni.

Dawa iliyozoeleka ni kugawanya kwa 360 na kuonyesha baki, yaani 5. Mshale huenda, naam, lakini mizunguko miwili imefichwa. Kwa dira hilo si neno. Kwa winchi inayokunja kamba ni hatari. Hata akrabu ya saa (Kiswahili kilikuwa na neno hili kabla ya kompyuta!) haisemi ni siku gani. Kwa hivyo, kando ya mshale sharti pawe na namba inayohesabu mizunguko, ikipanda gurudumu linapokwenda mbele na kushuka linaporudi nyuma.