Nisomee Ulichoandika

Neno imla tulilipata kwa Waarabu, nalo kwetu lina maana mbili. Darasani, mwalimu husoma sentensi taratibu na watoto huandika wanachosikia. Katika siasa, utawala wa imla ni ule wa mmoja kusema na wengine wote kufuata. Katika maana zote mbili mwenye sauti ndiye mwenye nguvu. Toleo hili linahusu mahali ambapo mambo hupinduka: mezani kwa karani, ambapo anayesema ni mnyonge na anayeandika ndiye mwenye neno la mwisho.

Hapa Lodwar tuanze na majina. Katika Kiturkana, irabu ya mwisho ya maneno mengi hunong'onwa tu. Mturkana huisikia. Karani aliyekulia kwingine haisikii, naye huandika kile kilichomfikia. Basi jina lile lile huwa na irabu mwishoni katika kitambulisho cha baba, na halina katika cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Siku ya kuomba basari, wawili hao huonekana kama watu wasiojuana. Mtoto huyo huyo, akianza imla ya Kiswahili shuleni, hukutana na f na v, sauti ambazo lugha ya mama yake haina. Mwalimu anasema "fua", yeye anaandika "pua", na kalamu nyekundu inapita. Nimesahihisha madaftari ya namna hiyo, na sijaona ujinga ndani yake. Nimeona sikio linalojitahidi kwa uaminifu. Kinachoniuma ni kwamba mtoto akikosea kusikia hupoteza alama, lakini karani akikosea, mwenye jina ndiye anayepoteza.

Kakuma, kilomita mia na ushei kutoka hapa, uzito wa jambo hili ni mkubwa zaidi. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, vijana wa Sudan walipowasili baada ya kutembea miezi mingi. Wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine, hadi makazi ya Kalobeyei yakaongezwa. Karibu kila mtu mzima huko amewahi kuketi akaeleza maisha yake huku mwingine akiandika. Anasema kwa lugha yake, mkalimani anageuza, afisa anaandika kwa Kiingereza. Chukua neno moja tu, "ndugu". Mkimbizi anasema ndugu yake aliuawa. Kiingereza kinataka kujua: kaka, dada, au binamu? Mkalimani, kwa haraka, anachagua kaka. Mwaka unaofuata mtu yule yule anamtaja marehemu kuwa mtoto wa mama yake mdogo, na faili sasa ina maelezo mawili yanayopingana. Hakusema uongo hata mara moja.

Valentino Achak Deng, mmoja wa vijana wale wa Sudan, aliishi Kakuma miaka mingi kabla ya kuhamia Marekani, akamsimulia maisha yake mwandishi Dave Eggers. Kitabu chao, What Is the What, kilitoka mwaka 2006. Kinazungumza kwa sauti ya Deng, lakini kinaitwa riwaya, na Deng mwenyewe anamweleza msomaji mwanzoni jinsi kilivyopatikana. Naliheshimu sana jambo hilo. Msomaji anajua nani alisema na nani aliandika. Mafaili ya ofisini hayana dibaji ya aina hiyo.

Ombi letu ni dogo na tunalitoa kwa dhati: anayeandika maneno ya mtu asiyesoma amsomee yote, kwa lugha yake, kabla ya kidole gumba kutiwa wino. Muda utatumika, ndiyo. Mkalimani wa pili atahitajika, na atataka malipo yake.

Sisi wenyewe tumejaribu. Makala nne za toleo hili tulizipata kwa imla, na kila msimulizi tulirudi kumsomea. Mama mmoja wa nje kidogo ya Lodwar alitunyamazisha katika aya ya pili. Tulikuwa tumeandika kwamba mbuzi wake walikufa kwa ukame.

"Niliwaambia wameisha," alisema. "Sikuwaambia wamekufa."

Aliwauza mmoja mmoja, akamlipia binti yake karo hadi kidato cha nne. Tulikuwa tumeuandika msiba ambao haukutokea, na kazi yake yote tukaiacha nje. Tuliketi tena, tukaanza upya kutoka kwa mbuzi wa kwanza.